Mguu wa Mwende na Punje Moja ya Mahindi

Bwana asifiwe!

Mmeitikia vizuri, asanteni. Nitalisema tena neno hilo nikimaliza, na hapo ndipo nitajua kama bado mnataka kuniitikia.

Ndugu zangu, wenyeji mnanijua. Wageni mliokuja kwa mkutano huu wa akina mama, mimi ni Mama Mwende, mke wa Mutisya, nyumbani ni hapa hapa Ikutha, mwendo mfupi tu kutoka soko la mbuzi. Nalima mtama na kunde, na mvua ikikataa nasuka vyondo, vikapu vyetu vya katani. Niliokoka nikiwa msichana. Katika kanisa hili nimeitwa Mama Punje kwa miaka kumi. Mnaniita kwa upendo, najua, lakini jina hilo limenitafuna ndani kama mchwa. Leo nalirudisha.

Nasimama kwa sababu ya mama mmoja aliye hapa ndani na mtoto wake mchanga. Sitamtaja. Na nyinyi msigeuze shingo kumtafuta, tafadhali, nitazameni mimi. Nikinyamaza leo, mtoto yule ataumia kama wangu alivyoumia, na safari hii nitakuwa nimemuumiza nikiwa na akili zangu timamu.

Mwende ni kifungua mimba wangu. Alizaliwa nyumbani, mama mkwe wangu ndiye aliyempokea. Yeye tulimwita Susu, yaani nyanya, mimi na mtoto na kijiji kizima. Susu alimwosha, akamfunga, akanipa, kisha akasema, "Mtoto ni mzuri. Mguu mmoja umekuja na njia yake." Nikafungua kitambaa. Jameni! Mguu wa kulia kutoka goti kwenda chini ulikuwa mfupi, umepinda kama mundu, na wayo umegeuka ndani ukitazama mguu mwenzake. Nililia mpaka maziwa yakakataa kutoka.

Maneno yalikuja, mnajua vile maneno huja. Mmoja alisema nilimcheka kiwete nikiwa na mimba. Mwingine alisema nilivuka nyoka. Tena mwingine, mtu wa maombi huyo, alisema nitubu dhambi iliyofichika. Nikatubu zile nilizozijua na nyingine nikabuni, ili nisiache nafasi.

Mutisya wangu alikuwa anaziba magurudumu kule Salama, kando ya barabara kuu ya Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Ni mtu wa maneno machache. Alimbeba mtoto, akauangalia mguu, akambusu pale palipopinda. Kwa busu lile peke yake nilimsamehe makosa mengi ya nyuma, na mengine ya mbele!

Nilimbeba Mwende mgongoni kila mahali, shuka imefunika mpaka kwenye unyayo. Kwenye mwethya, kile kikundi chetu cha kuchimba matuta, niliinama na jembe naye akiwa mgongoni hata alipofika miaka mitatu, minne. Wenzangu walisema, "Mteremshe acheze." Nikasema ana homa. Mtoto yule aliugua homa ya uongo miaka minne, ndugu zangu.

Nyumbani alitambaa. Baadaye akajifundisha kutembea kwa goti la mguu mbaya na wayo wa mguu mzuri, anapanda anashuka, anapanda anashuka. Na alikuwa mcheshi! Kuku walimkimbia.

Kila asubuhi nilimkanda kwa mafuta ya mbarika. Nilivuta ule mguu, nikaubana, nikaunyoosha, nikahisi mfupa chini ya ngozi na kusema moyoni, siku moja utanyooka huu.

Alipofika miaka minne nilimpeleka dispensari kwa kikohozi, kikohozi cha kweli safari hii. Sista wa pale akafunua shuka kabla sijamzuia. Hakunigombeza. Alishika mguu, akabonyeza taratibu, akakunja uso. Akaandika barua, akaniambia niipeleke hospitali ya misheni ng'ambo ya Mto Athi, upande wa Kibwezi, kule kuna daktari wa mifupa. "Usikawie, mama. Hawa watoto wakisaidiwa mapema hutembea." Hayo ndiyo maneno yake, nayajua kwa moyo. Niliitia barua ndani ya Biblia, nikasema nikishavuna kunde nitaenda.

Kabla ya kunde kukauka, ikaja wiki ya maombi.

Wazee mnaikumbuka wiki ile. Alikuja mhubiri mgeni, mtu mnyenyekevu, nami sitaki mtu amlaumu. Aliweka mikono juu ya mguu wa Mwende akaomba kwa machozi. Hakusema umepona. Alisema, "Mama, tumtumaini Mungu," basi, akaenda zake. Mengine yote ni mimi niliyeyaongeza.

Maana kesho yake kisimani niliulizwa, "Umenyooka?" Kesho kutwa sokoni, "Umenyooka?" Kwenye matuta, majembe yakasimama, "Mama Mwende, umenyooka?" Watu wananipenda, wamelia na mimi, wamefunga chakula kwa ajili yangu. Ningewaambiaje kwamba mguu uko vile vile?

Jumamosi ile nilichukua uzi wa katani, huu wa kusukia vyondo. Nikapima mguu wa mtoto kutoka goti mpaka kisigino, nikafunga fundo. Nikajiambia napima tu nijue. Jumamosi iliyofuata nikapima tena. Fundo likafika pale pale. Nikapima mara ya pili. Pale pale. Mara ya tatu, ndugu zangu, vidole hivi vikaivuta ngozi ya kisigino chini kidogo. Mwende akasema, "Mama, unanifinya." Na kisigino kikapita fundo kwa upana wa punje ya mahindi.

Jumapili nilisimama hapa. Mahali hapa hapa, sakafu ilikuwa ya udongo wakati huo. Nilikuwa nimemvika Mwende soksi nyeupe ndefu na rinda la kufika chini. Nikasema, "Bwana asifiwe! Mguu wa mtoto wangu umeongezeka punje moja ya mahindi!"

Ole wangu! Kanisa lililipuka. Akina mama walipiga vigelegele mpaka nje, wazee waliruka, kwaya ikatunga wimbo papo hapo wa punje moja. Mchungaji wetu, mtu asiye na hila, alilia kama mtoto. Nami nilifurahi. Nawaambia ukweli, nilifurahi! Tangu nimzae Mwende ilikuwa mara ya kwanza watu kunitazama bila huruma.

Lakini punje moja haimtoshi mtu. Mwezi uliofuata mliniuliza, "Sasa ni ngapi?" Nikasema mbili. Baadaye tatu. Barua ya sista ikabaki ndani ya Biblia. Ningeipelekaje? Mguu unaoponywa na Mungu unapelekwa hospitali kufanya nini? Nikienda, si watu watajua? Kila nilipofungua Biblia ile barua ilinitazama, basi nikaacha kusoma upande ule. Nikasoma Zaburi tu, maana barua ilikuwa mbele huko.

Mutisya akija mwisho wa mwezi aliutazama mguu muda mrefu. Siku moja akaniambia kwa aibu, "Mama Mwende, mimi sioni tofauti. Labda imani yangu ni ndogo." Nami nikamwambia, "Ongeza maombi, Baba Mwende." Nilimwambia hivyo mume wangu! Mungu anisamehe, na yeye pia, yuko pale nyuma anatazama viatu vyake.

Susu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa mtu wa ugoro. Aliketi kwenye kigoda chake na kikopo cha ugoro, akiona kila kitu. Siku moja nikipima na uzi wangu, akapiga chafya, akasema, "Mama Mwende, macho yangu ni mazee, lakini huo mguu haujaenda mahali. Mpeleke mtoto kwa wenye kujua." Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, wewe hujaokoka, huwezi kuelewa mambo haya." Nilimjibu hivyo mama mkwe wangu, mtu aliyempokea mtoto kwa mikono yake. Mnaujua ule msemo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililoumia halikuwa langu.

Miaka miwili ikapita hivyo. Mwende akafika miaka sita na zaidi. Wenzake wakaingia darasa la kwanza. Aliwaona wakirudi na maziwa ya shule ya pakiti, akaniuliza, "Mama, mimi nitakunywa lini?" Goti alilotembelea lilikuwa limeota sugu, na chini ya sugu kidonda kinafunga na kufunguka. Nilikifunika na soksi.

Punje zilifika kumi na mbili. Basi mchungaji wetu, kwa moyo wake mweupe, akatangaza: siku ya shukrani ya mavuno, Mwende atatembea kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Kanisa zima likasema Amina. Mimi nikasema Amina kubwa kuliko wote.

Ndugu zangu, sasa nitasema jambo ambalo kulisema ni kama kumeza kaa la moto. Alhamisi ya wiki ile nilichukua vipande vya tyubu ya gari, ile mipira Mutisya alituletea ya kufungia mizigo. Nikachonga vijiti viwili. Nikauweka mguu wa mwanangu katikati, nikaufunga na mpira, nikakaza. Nilitaka unyooke mpaka Jumapili tu. Jumapili moja tu! Mwende alilia siku ya kwanza. Siku ya pili alilia kidogo. Siku ya tatu hakulia tena, akanyamaza akitazama dari, mimi nikasema Mungu amempa nguvu.

Jumapili asubuhi nilikuwa napiga rinda lake pasi ya makaa. Susu akaingia. Alimgusa Mwende paji la uso, akafunua blanketi. Vidole vya mguu vilikuwa vimevimba, rangi imekuwa kama zambarau. Susu hakunipigia kelele. Alichukua kile kisu kidogo cha kukatia tumbaku, akakata mpira mmoja, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ukiruka mtoto anashtuka. Kisha akaniambia, "Mama Mwende, kama Mungu wako anataka mguu huu unyooke, hahitaji mpira wa gari."

Nilikaa chini. Pasi ikaunguza rinda, na sikujali.

Susu akasema, "Lete ile karatasi." Kumbe alijua! Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini alikuwa ameniona nikiificha. Nikaitoa. Kengele ya kanisa ikalia sisi tukiwa tunaelekea barabarani, Susu mbele na kikopo chake, mimi na Mwende mgongoni akiwa na homa, na safari hii ilikuwa homa ya kweli. Lori la mbuzi lilikuwa linaondoka kwenda Kibwezi. Dereva alimtazama mtoto, akatupisha mbele. Susu alikataa, akaketi nyuma na mbuzi, akisema mbuzi hawaulizi maswali. Kibwezi tukamtumia Mutisya ujumbe kule Salama kwa utingo wa lori lingine. Jioni ile alitukuta hospitalini, nguo zimejaa grisi.

Walitibu kwanza kile kidonda na uvimbe. Vidole vilipona, Mungu ni mwema! Baada ya siku kadhaa daktari wa mifupa akatuita. Alikuwa kijana, mpole, mwenye sauti ya chini. Alituonyesha picha ya mifupa kwenye mwanga wa dirisha. Akasema mguu wa mtu chini ya goti una mifupa miwili: mmoja mnene, ndio muundi, unaobeba mwili, na mwingine mwembamba unaousindikiza tu pembeni. "Mwende alizaliwa bila ule mnene. Ni jambo la nadra sana. Si kosa la mama, wala la baba, wala la nyoka." Huenda aliwahi kusikia habari za nyoka kwa wengine.

Nikamwambia, "Daktari, mimi nimemkanda kila asubuhi tangu azaliwe. Nimeuhisi mfupa."

Akaniambia, "Ulihisi ule mwembamba, mama. Umekuwa ukinyoosha mfupa ambao haupo."

Hayo maneno yalinipiga kifuani. Mfupa ambao haupo! Punje kumi na mbili za mfupa ambao haupo.

Kisha akasema dawa yake. Goti lenyewe halina kitu cha kulishika chini, wayo hauwezi kusimama. Njia nzuri kwa Mwende ni kuukata mguu pale gotini, na kumpa mguu wa bandia. Atatembea, atakwenda shule. Lakini bila kukatwa, atatambaa maisha yake yote na vidonda.

Nilikataa. Siku nne nilikataa! Mutisya alikuwa tayari kutia sahihi kwenye fomu ya ruhusa, daktari akasema anataka sisi wawili tukubaliane. Nilisema tuombe kwanza. Nilisema imani. Lakini ndani ya moyo sikuwa nafikiri habari za mguu, nilikuwa nafikiri habari za kanisa. Nitarudi vipi Ikutha na mtoto aliyekatwa mguu ambao nilisema umeongezeka?

Kwenye wadi ile kulikuwa na msichana kutoka Zombe, mkubwa kidogo kwa Mwende, aliyezaliwa na shida kama hiyo hiyo. Siku ya nne asubuhi alikaa kitandani, akavuta soksi, akaingiza kipande cha goti ndani ya mguu wa mti na ngozi, akafunga mikanda, tap tap, akaenda kuchota uji. Mwende alimfuata kwa macho mpaka mlangoni. Akaniambia, "Mama, ule mguu unavaliwa kama kiatu! Mimi nataka huo." Mutisya akanitazama. Akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kusema mwaka mzima: "Tumemwomba Mungu amtembeze mtoto. Mungu amejibu. Kama jibu halifanani na lile ulilotangazia watu, hilo ni lako wewe na watu. Mwende hayumo." Nikatia sahihi.

Walimpeleka chumba cha upasuaji asubuhi. Susu aliuliza mguu utapelekwa wapi, wakamwambia hospitali itauzika kwa heshima, akaridhika, akanusa ugoro nje ya dirisha.

Mchana Mwende alizinduka. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda. Nikamshika mkono, nikangoja alie. Hakulia. Aliinua shuka, akatazama, akafikiri. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chakula kiko wapi:

"Mama, sasa Jumamosi utapima nini?"

Ndugu zangu! Mtoto alijua. Miaka miwili yote alijua ninavuta, ni ngozi yake niliyokuwa navuta! Alinyamaza akanichukulia. Nilitoka nikaenda kwenye bomba la kufulia nguo, nikapiga magoti kwenye maji ya sabuni mbele ya akina mama wa watu, nikamlilia Mungu. Nikaahidi nikirudi nitasema ukweli kanisani.

Nikarudi. Nikasema nini? Nilisema kidonda kiliharibika wakalazimika kukata. Mkaniambia, "Pole, Mama Punje, hospitali imeharibu kazi ya Mungu. Wangengoja kidogo angemaliza." Nikatikisa kichwa kukubali. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, hospitali ile imebeba lawama yangu miaka minane.

Hebu niwaambie hospitali ile ilifanya nini, maana inanidai heshima yake. Katika karakana ya miguu kulikuwa na fundi, Mkamba mwenzetu, zamani alichonga wanyama wa kuuzia watalii. Alimwambia Mwende, "Mimi nimechonga twiga wa miguu minne. Wewe wa mguu mmoja utanishinda?" Wakacheka mpaka urafiki ukaanza. Walinifundisha kufunga kigutu na bendeji kikae vizuri, kukiosha kila jioni na sabuni, kukausha, kukagua wekundu. Mwende alijifunza kutembea katikati ya vyuma viwili, akaanguka, akatukana kidogo kwa Kikamba, akainuka. Alirudi nyumbani anatembea kwa fimbo. Baadaye fimbo ikawa ya kuchungia mbuzi tu.

Kazi haikuishia hapo. Mtoto anakua, mguu wa mti haukui. Karibu kila mwaka tumerudi kupima mpya. Kigutu kimepata vidonda, tumerudi. Mbuzi wamekula mkanda wa ngozi, tumerudi na aibu. Kuna siku aliuvua akamtupia nyani kwenye mahindi, akampata! Susu, mpaka siku alipotuacha, aliusalimia ule mguu kila asubuhi: "Mgeni, umelalaje?" Na Mwende alikunywa maziwa ya shule. Siku ya kwanza alileta pakiti tupu nyumbani nione.

Nimenyamaza haya yote miaka minane. Sasa sikilizeni kilichonileta hapa mbele.

Mwezi uliopita mama mmoja kijana alikuja kwangu jioni na mtoto wake wa miezi mitatu. Alikuja kuomba mafuta ya mbarika. Akanifunulia. Mguu wa mtoto umepinda. Nikamwuliza kama ameenda dispensari. Akasema wamempa barua, lakini yeye anaamini, maana amesikia habari ya Mwende tangu akiwa mwanafunzi wa shule ya Jumapili, na ule wimbo aliuimba. Kisha akatoa uzi wa katani kwenye leso yake. Uso unang'aa. Akanong'ona, "Mama Punje, nimeanza kupima kama wewe. Jumamosi hii nimepata punje moja."

Nikampa mafuta! Ndiyo, nikampa mafuta, akaenda akiniombea baraka.

Wiki tatu sikulala vizuri. Juzi nikamwambia Mwende kwamba nitasimama niseme. Ana miaka kumi na minne sasa, yuko darasa la saba, na ulimi wake ni wa nyanya yake. Akaniuliza, "Utasema yote?" Nikasema yote. Akafikiri, akasema, "Na mpira wa tyubu pia." Nikasema na mpira. "Na soksi." Nikasema na soksi, mwanangu. Akanishika bega. Akasema, "Basi mimi nitakaa mbele. Lakini usiniite nisimame, nitasimama nikitaka." Ndiye huyo hapo benchi ya kwanza. Hana soksi leo, mguu unaonekana kwa wote, na mikanda ameisugua ikang'aa.

Ndugu zangu, mguu wa Mwende haukuongezeka hata punje moja. Nilivuta. Nawaomba msamaha nyinyi mliofunga na kuniombea. Namwomba msamaha mchungaji. Namwomba msamaha Susu alipolala. Hospitali haikuharibu kazi ya Mungu. Mungu alifanya kazi yake kwa kisu cha ugoro, kwa lori la mbuzi, kwa yule daktari, kwa fundi wa twiga, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni nikimzuia asiingie. Mlinijua kama mama wa muujiza. Nijueni sasa kama mama aliyefunguliwa ulimi, na nawaambia, tangu nianze kusema haya kifua changu kimekuwa chepesi kama cha msichana!

Na wewe mama kijana, unajijua. Sikulaumu. Ninaujua ule utamu wa punje ya kwanza. Sijui mtoto wako ana shida gani, huenda si kama ya Mwende, huenda inanyooshwa na plasta tu bila kukatwa chochote. Mimi si daktari, nami nimechoka kujifanya daktari. Lakini Mungu unayemtumaini haogopi hospitali. Mtumaini huku unatembea. Jumanne kuna lori la kwenda Kibwezi. Mimi nitakuja na wewe, na Mwende amesema naye anakuja, kwa sababu mguu wake unataka kupimwa tena, ameupita.

Uzi wangu ni huu hapa mkononi, na fundo lake bado lipo. Naukata mbele yenu wote. Na ule wako, mama, nenda nao nyumbani, umlaze mtoto, upime mara moja tu kwa macho wazi. Usivute.

Bwana asifiwe! Na safari hii ni kweli.